Viti Viwili vya Kijivu

Saa nne kasorobo asubuhi, tiketi iliingia kwenye simu ya Saimi Lehtovaara.

Hakuwa ameinunua.

Alikuwa stesheni kuu ya Helsinki, mkono mmoja kahawa, mkono wa pili andazi la mdalasini aliloliuma mara moja tu. Akalibana andazi kwa meno, akafungua ujumbe.

*Asante kwa kusafiri nasi. Leo, kuelekea Oulu. Kiti 11. Mtu mzima mmoja. Mbwa mmoja.*

Andazi likageuka karatasi mdomoni.

Mtu mwingine angeona tiketi ya mwanamke na mbwa wake. Saimi hakuwa na mbwa. Hakuwa hata na ua kwenye chungu. Miaka kumi na miwili ya ujasusi ilikuwa imeua maua matatu na ndoa moja. Katika lugha ya Idara, namba ya kiti ilikuwa idadi ya watu walio hatarini. Na mbwa ni mtu wa ndani.

Msaliti.

Simu ikaita. Alikuwa Mkuu wa Idara, Hellevi Sarkola, mwanamke aliyesemekana kucheka mara ya mwisho kabla ya ujio wa Nokia.

"Umeipata?"

"Nimeipata, Mkuu. Kumi na moja ni akina nani?"

"Watoa habari wetu wa ng'ambo ya mpaka wa mashariki. Majina, picha, anwani. Yote kwenye kadi moja ya kumbukumbu ya simu. Inakabidhiwa leo ndani ya treni ya Oulu."

"Treni ipi?"

"Hatujui."

"Nani anaitoa?"

"Hatujui."

"Nani anaipokea?"

"Saimi, usiniulize maswali ya kunidhalilisha asubuhi hii."

Akakata.

Saimi akabaki ameishika simu kama mtu aliyepigwa kofi na jirani. Mmoja kati ya wale kumi na mmoja aliitwa Galina. Muuguzi. Mama wa binti mmoja wa miaka sita. Saimi ndiye aliyemwingiza kazini, kwa maneno yake mwenyewe, juu ya bakuli la supu. "Siku mambo yakiharibika," alimwambia, "nitakukatia tiketi. Wewe na mtoto."

Mambo yalikuwa yanaharibika.

Akaweka kidude sikioni. "Valtteri."

"Nipo, dada." Valtteri alikuwa fundi wa mitambo wa Idara, kijana aliyeishi chumba kisicho na dirisha na akadai anaupenda ubaridi wake. "Nimepitisha majina ya abiria wote kwenye mashine. Wasafi kama theluji. Wametumia majina ya kubuni."

"Basi achana na majina."

"Nishike nini sasa, harufu?"

Saimi alifungua programu ya reli kwenye simu yake, ileile iliyomo kwenye simu ya kila bibi nchini Finland. Akagusa *Kata tiketi*. Helsinki, Oulu, leo. Treni tano. Akaanza kufungua ramani za viti, behewa moja baada ya jingine. Kiti cheupe, kitupu. Kiti cha kijivu, kina mtu.

Mfini akiingia behewa la viti sabini na kumkuta mtu mmoja, atakwenda kukaa mahali ambapo huyo mtu anaonekana kama nukta. Si chuki hiyo. Ni heshima. Ndiyo maana ramani ya viti hufanana na uso wa mwenye tetekuwanga: doa hapa, doa kule, na kila doa na eneo lake.

Treni ya kwanza, doa hapa, doa kule.

Ya pili, vivyo hivyo.

Ya tatu. Saa tano na dakika sita. Behewa la tatu, ghorofa ya juu. Behewa zima jeupe.

Isipokuwa viti viwili vya kijivu. Arobaini na saba, arobaini na nane. Bega kwa bega.

"Valtteri. Behewa la tatu, arobaini na saba na arobaini na nane."

"Wapenzi hao, dada. Waache watu wale ujana."

"Wapenzi hukata pamoja. Angalia."

Vidole vya Valtteri vikapiga kibodi. Kisha vikanyamaza.

"Arobaini na saba kimekatwa wiki iliyopita, Helsinki mpaka Oulu. Arobaini na nane, siku tatu nyuma. Simu nyingine, kadi ya benki nyingine. Anapandia Tampere."

"Alipokuwa akikikata, behewa lilikuwa na abiria wangapi?"

"Mmoja tu." Valtteri akavuta pumzi. "Subiri. Viti vyote vile vitupu, naye akabonyeza ubavuni mwa mtu asiyemjua?"

"Ndiyo."

"Mungu wangu. Huyo si wa huku."

"Huyo si wa huku."

Alipaswa kufurahi. Hakufurahi, kwa sababu macho yake yalikuwa bado kwenye arobaini na saba. Kiti cha dirishani. Cha mwisho, karibu na ngazi. Kinachotazama nyuma ya treni.

Alimjua mtu mmoja tu aliyekaa hivyo maisha yake yote. *Keti ukitazama nyuma, binti. Cha mbele dereva atakiona.*

"Futa tiketi ya arobaini na nane," alisema. "Nipe mimi."

"Hiyo inahitaji saini ya Mkuu, na ya..."

"Valtteri."

"Imefutwa. Yako hiyo. Kumbuka tu, mimi nina mama."

Kimraba cha madoadoa cha tiketi mpya kikaibuka kwenye kioo cha simu yake. Saimi akagusa bastola aina ya Glock chini ya koti, akagusa kalamu nyeusi ya umeme iliyokuwa na uwezo wa kumlaza ng'ombe, akaelekea jukwaani.

Andazi alilitupa.

*

Urho Kivisalmi alikuwa na miaka sabini na mmoja. Alikuwa amekaa wima kama yuko kanisani, kofia ya sufu magotini, chupa ya chai mezani, na kando yake kiboksi cha peremende nyeusi za chumvi. Nusu ya majasusi wa nchi hii walifundishwa naye kufuata watu, na nusu nyingine walifundishwa na hiyo nusu.

Saimi akapanda ngazi, akasimama kando yake.

"Samahani. Hiki ni changu."

Mzee hakugeuka. Nje ya dirisha, misonobari ilikuwa ikikimbia kurudi Helsinki.

"Kaa, binti."

Akakaa. Mabega yao yakagusana. Katika miaka yote kumi na miwili hawakuwahi kukaa karibu hivyo.

"Nilitaraji kikosi kizima," Urho akasema.

"Sijamtaja mtu jina lako, Mwalimu. Nilikuwa naomba nikute ni mtu mwingine."

"Maombi si mbinu. Nilikufundisha hilo."

"Ulinifundisha mengi. Hili la kuuza watu somo lake lilikuwa lini? Labda siku hiyo niliumwa."

Mzee akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Akasukuma kiboksi cha peremende kuelekea kwake. "Kula."

Saimi akatazama ndani. Chini ya peremende, karatasi ya ndani ilikuwa imenyanyuka pembeni. Kitu chembamba, kidogo kama ukucha, kilikuwa kimelala pale. Watu kumi na mmoja. Galina na supu yake.

Akanyoosha mkono.

"Bado," Urho akasema. "Ukiichukua sasa na ving'ora vikalia, yule wa Tampere ataondoka zake. Wiki ijayo atapata mwalimu mwingine. Mshike na mkono wake ukiwa mezani."

"Unanisaidia?"

"Nakusahihisha."

Saimi akameza hasira. Ilikuwa na chumvi kuliko peremende. "Kwa nini?"

"Lyubov," Urho akajibu.

Jina hilo Saimi alilijua. Kila mwanafunzi wa Urho alilijua, ingawa alilitaja akilewa tu, na alilewa mara moja kwa mwaka. Mwanamke wa ng'ambo aliyemletea habari miaka ya tisini. Idara ilibadili sera siku ya Jumanne. Alhamisi, Lyubov alikamatwa.

"Nilimwahidi tutamtoa," mzee akasema. "Wakamwacha kama mwavuli uliosahauliwa kwenye treni. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Nikakaa kimya miaka ishirini na mitano, nikifundisha watoto kama wewe kutoa ahadi."

"Kwa hiyo ukaona kumi na mmoja wengine watamliwaza?"

Hilo lilimpata. Alifumba macho.

"Nilitaka Idara iumie," akasema. "Halafu siku tatu zilizopita nikafungua simu nitazame kiti changu. Nikaona cha pembeni kimegeuka kijivu. Nilimwambia yule mpumbavu akate ng'ambo ya njia. Yeye kaja kunibandikia bega."

"Ulikuwa na siku tatu za kubadili kiti. Ni kubonyeza mara mbili."

"Nilijua."

"Na hukubadili."

"Nilitaka kuona kama bado yuko mtu pale Idarani anayejua kusoma." Akamtazama kwa mara ya kwanza. Macho yalikuwa mekundu. "Yupo. Mmoja."

"Ungeniita kwenye kahawa ukaniambia."

"Ungekuja na kikosi."

Saimi alikula peremende. Ilikuwa chungu mpaka masikioni.

*

Tampere.

Mlango ukafunguka chini. Viatu vikapanda ngazi. Mwanaume mrefu, koti la bluu iliyoiva, gazeti mkononi, nywele zimechanwa kama za kwenye tangazo. Akafika, akasimama, akaangalia namba juu ya kiti. Akaangalia simu. Akaangalia tena namba.

"Samahani, bibi," akasema kwa Kifini safi cha kitabuni. "Hicho kiti ni changu."

Saimi akamwonyesha simu. Arobaini na nane.

Mwanaume akaonyesha yake. Nyekundu. *Tiketi hii imefutwa.*

"Haiwezekani."

"Mambo ya kompyuta hayo, kaka," Saimi akasema. "Kaa popote."

Popote palikuwa pengi. Behewa zima lilikuwa tupu mbele yake kama uwanja siku ya mvua. Mwanaume hakusogea.

Ndipo akatokea mkaguzi wa tiketi, Bi. Tuulikki, mama mwenye miwani mnyororoni na miaka thelathini ya kazi, asiyejua lolote kuhusu majasusi wala asiyetaka kujua. Akaskani simu ya bwana yule. Mashine ikalia vibaya.

"Tiketi haipo, bwana. Nitakukatia nyingine hapahapa. Unataka dirishani?"

"Nataka hiki."

"Hiki kina mtu."

"Nataka hiki hiki."

Bi. Tuulikki akavua miwani. Aliwahi kuona walevi, waliozaa njiani, na mtu aliyepanda na bata mzinga. Hili hakuwahi kuliona. Akageuka taratibu, akahesabu behewa kwa macho, akarudi kwake.

"Mwanangu," akauliza kwa huruma, "unaumwa?"

Saimi akacheka. Ilimtoka tu.

Mwanaume akamtazama. Akamtazama Urho. Akauona mkono wa Saimi umefunika kiboksi cha peremende, na akaelewa vyote kwa mpigo.

Gazeti likashuka. Nyuma yake kulikuwa na bastola aina ya Makarov yenye kiziba sauti.

"Kiboksi," akasema. Kifini cha kitabuni kilikuwa kimekwisha. "Haraka."

Bi. Tuulikki akaganda.

Urho alisogea kwanza. Miaka sabini na mmoja, na mkono bado ule ule: chupa ya chai ikamwagika yote usoni mwa mgeni. Chai ya moto. Mgeni akapiga yowe. Risasi ikatoboa dari, *pf*, kama mtu aliyepiga chafya kwenye leso.

Saimi alikuwa tayari amesimama. Kalamu nyeusi. Shingo, chini ya sikio.

Shoti.

Mwanaume akaanguka njiani kama gunia la viazi lililokatwa kamba. Makarov ikateleza mpaka chini ya kiti sitini. Saimi akamkalia mgongoni, akamfunga pingu ya plastiki, akavuta pumzi.

Bi. Tuulikki akavaa miwani yake.

"Hii chai," akasema, "ataipangusa nani?"

*

Watu wa Idara walipandia stesheni iliyofuata, Parkano, wanne, wamevaa kama wavuvi wa kwenye barafu. Wawili wakambeba mgeni. Wawili wakasimama mbele ya Urho, wakikwepa macho yake. Alikuwa amewafundisha wote wawili.

Mzee akatoa mikono mwenyewe. Akavaa kofia kwanza, kwa sababu nje kulikuwa na baridi ya nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri na hakuna aliyekumbuka kumwambia.

"Watu wako nao Idara itawaacha, binti," akasema mlangoni. "Utaona."

"Nenda, Mwalimu."

"Chunga mgongo wako."

Akashuka. Hakutazama nyuma. Safari hii hakukuwa na haja.

Saimi akabaki jukwaani, kadi kwenye ngumi. Akapiga simu.

"Mbwa amefungwa," akasema. "Kadi ninayo. Haijasomwa na mtu."

"Safi sana," Hellevi Sarkola akasema. "Ichome hiyo kadi. Mtandao huo unafungwa leo. Majina yamezunguka mno. Hatuwajui tena watu hao."

"Wako hai, Mkuu."

"Na ninawatakia wabaki hivyo. Lakini si kwa mkono wetu. Ni uamuzi wa juu."

"Leo ni siku gani?"

"Jumanne. Kwa nini?"

Treni ya Oulu ilikuwa ikiondoka nyuma yake. Mabehewa yakampita, moja, mawili, la tatu na ghorofa yake ya juu tupu.

"Basi tu," Saimi akasema. Akakata.

Akatoa betri ya simu ya kazi, akaitupa kwenye pipa. Akachukua simu yake mwenyewe, ile ya kawaida, iliyopasuka kioo pembeni. Akafungua programu ya reli.

*Safari yako ilikuwaje? Tupe nyota.*

Akaufuta ujumbe huo. Akaandika: Joensuu. Kule treni ya Helsinki inakokomea, karibu na mpaka wa mashariki. Baada ya hapo kuna misitu, na misitu haiulizi tiketi.

Kwenda: mtu mzima mmoja. Programu ikampendekezea kiti cha dirishani, kinachotazama nyuma. Akakikataa. Akachagua kinachotazama mbele.

Kurudi: watu wazima wawili, mtoto mmoja.

Akawapanga bega kwa bega.

Akabonyeza *Lipa*, akainua kola ya koti, akaondoka zake jukwaani kwa mwendo wa mtu asiye na haraka.