Joto Asilolisikia Mjomba

Kila alasiri akitoka shule, Chiriku alivua viatu mlangoni, akautupa mkoba juu ya kochi, kisha akaenda moja kwa moja chumbani kwa mjomba wake kabla hata ya kunywa maji. Mama yake alishachoka kumgombeza juu ya huo mkoba. Mjomba ndiye aliyempa jina la Chiriku, kwa sababu, alisema, mtoto huyo alianza kuzungumza kabla ya kuota meno na tangu siku hiyo hajapumzika.

Mjomba alikuwa mchoraji wa filamu za katuni. Alifanyia kazi kwenye kiti chake cha magurudumu karibu na dirisha, kompyuta ikiwa juu ya mapaja, kwani kiti hicho hakikuingia vizuri chini ya meza yoyote. Miguu yake ilikufa ganzi baada ya ajali ya barabarani, Chiriku akiwa bado anatambaa. Ungeweza kuifinya, kuitekenya, hata kuimwagia maji ya barafu, naye asisikie kitu. Alipokuwa mdogo Chiriku aliwahi kujaribu yote hayo, na mjomba alicheka mpaka akapaliwa.

"Leo tumefika wapi, mjomba?"

"Sungura ametumbukia kisimani."

"Atatoka?"

"Gogo akimruhusu."

Gogo ndilo jina walilolipa kompyuta yake ya zamani. Ilikuwa na nguvu za kutosha, lakini ilikuwa nene na nzito mno, na muuguzi aliyekuja kumtazama mjomba alishamwonya. Mguu usiosikia, alisema, haulalamiki ukikandamizwa. Unaharibika kimya kimya, na ukishapata kidonda, hicho kidonda hakiponi upesi.

Ndiyo sababu nyumba nzima ilikuwa ikisubiri kompyuta ya mama. Mama alikuwa mhandisi katika karakana iliyotengeneza kompyuta mpakato za watu wa kazi nzito: wachoraji kama mjomba, wasanifu wa majengo, wahariri wa filamu. Mwaka huo walikuwa wakitengeneza moja nyembamba na nyepesi, tena yenye nguvu kuliko Gogo. Ikikamilika, mjomba angekuwa mtu wa kwanza kuijaribu.

Kuikamilisha ndiko kulikomkondesha mama. Wakati wa chakula cha usiku alikuwa akichezea kijiko tu sahanini.

"Kompyuta ikifanya kazi ngumu inatoa joto, kama mtu anayelima juani," alieleza. "Joto lazima litoke. Litolewe na feni, na feni ipate nafasi ya kuvuta hewa. Sasa mkubwa wetu anataka niikate milimita tatu nyingine. Nikiikata, hiyo nafasi ndiyo inayokwenda."

"Si uipunguze nguvu?" Chiriku aliuliza.

"Halafu mjomba wako amsubiri sungura kisimani mpaka aote mvi? Wembamba, nguvu, na isichome. Mkubwa wetu anavitaka vyote vitatu, na anavitaka Jumatatu."

Mkubwa huyo alikuwa meneja wa karakana. Wafanyakazi walimwita Wembe, ingawa si mbele yake, kwa kuwa hakuna kitu kilichowahi kuwa chembamba vya kutosha machoni pake. Mashine mbili zilizotangulia zilishindwa majaribio, na kila moja iliposhindwa mama alizama karakanani. Alirudi watu wamelala, akaondoka hawajaamka. Chiriku alizichukia siku zile kuliko mtihani wa hesabu.

Ijumaa jioni mama alikuja na mashine ya tatu kwenye begi. Ilikuwa nyembamba kama sinia. Mjomba aliinyanyua kwa mkono mmoja, akaigeuzageuza, na Chiriku aliona macho yake yanang'aa.

"Bado jaribio moja," mama alisema. "Mezani tumeipima, iko sawa. Haijapimwa mapajani. Chiriku, kesho naitwa kazini asubuhi. Nitaipa kazi ya kuichora filamu yote ya mjomba wako, mwanzo mpaka mwisho. Wewe ipakate tu mpaka imalize. Ikianza kukuchoma, iondoe mara moja, utazame saa, uniambie. Usijikaze kisabuni. Na usiiweke mezani, unanisikia? Hii ni mpakato. Kitu cha kupakatwa kinapimwa kikiwa kimepakatwa."

"Kwa nini asiipakate mjomba mwenyewe?"

"Mjomba wako hatasikia," mama alijibu kwa upole. "Wewe utasikia kwa niaba yake."

Asubuhi ya Jumamosi Chiriku alikaa kwenye kochi, mashine mapajani. Mwanzoni ilikuwa na vuguvugu zuri, kama paka aliyelala. Baadaye feni ikaanza kupiga mluzi. Paja la kushoto likapata joto. Alijisogeza, na joto likasogea naye, sasa likiwa kali zaidi, mpaka akaanza kuuma midomo.

Nje rafiki zake walikuwa wakiruka kamba. "Chiriku! Umeota mizizi huko ndani?" mmoja aliita dirishani.

Chiriku alijua la kufanya. Alitakiwa aiondoe mashine, atazame saa, na jioni amwambie mama kwamba inachoma. Lakini alijua pia yatakayofuata. Mama angeirudisha karakanani, na siku zile za kulala bila kumwona zingeanza upya. Na mjomba angerudishiwa Gogo. Basi akaiweka mashine mezani, kwa muda kidogo tu, alijiambia, ipoe. Pale mezani ilipata pumzi, mluzi ukashuka, nayo ikaendelea na kazi yake kama haikuwahi kumkosea mtu. Chiriku akatoka kwenda kuruka kamba, wala hakurudi ndani mpaka njaa ilipomrudisha. Filamu ilikuwa imekwisha kuchorwa.

"Uliipakata mpaka mwisho?" mama aliuliza aliporudi.

"Ndiyo."

"Haikukuchoma?"

"Vuguvugu tu, mama."

Mama alikaa chini, akafunika uso kwa mikono, na mabega yake yakatikisika. Alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. Alimvuta Chiriku akamkumbatia kwa nguvu, na Chiriku, ambaye alikuwa na neno kooni, alilimeza.

Mjomba alipewa mashine yake Jumatatu. Nyumba ilijaa furaha. Sungura alitoka kisimani siku ileile, na mjomba alichora mpaka jioni, kesho yake vilevile, na siku zilizofuata, huku akiimba kwa sauti iliyowafanya majirani wafunge madirisha. Mama sasa alikula chakula chake chote. Chiriku alijiambia kwamba uongo wake ulikuwa mdogo, na kwamba umekwisha kusahaulika.

Alhamisi muuguzi alikuja kama kawaida yake. Chiriku alikuwa mlangoni akisimulia mambo ya shule. Muuguzi alipoipandisha kaptula ya mjomba, kitambaa kilikuwa kimeganda pajani. Alikilowesha kwa maji, akakibandua taratibu, kisha akanyamaza. Paja la kushoto lilikuwa na lengelenge kubwa lililopasuka, na pembeni ngozi imegeuka nyeusi. Mjomba alikuwa bado anatabasamu, akisubiri Chiriku amalizie kisa chake.

"Mbona kimya?" aliuliza. "Kuna nini huko chini?"

Jioni ile alilazwa hospitali.

Madaktari walisema kuungua kwa aina hiyo ni kubaya kwa sababu joto huingia polepole na kwenda chini sana. Ilibidi nyama iliyokufa ikatwe. Mjomba hakutakiwa kukaa kitini kwa muda mrefu, bali alale ubavu mmoja tu. Wenye filamu walingoja kidogo, kisha wakatuma ujumbe wa pole na kuwapa wachoraji wengine kazi yote, sungura na kisima chake.

Chiriku alikwenda hospitali kila siku na hakusema kitu. Aliketi kwenye kiti cha wageni akitazama sakafu.

"Chiriku amekatwa ulimi?" mjomba alitania. Chiriku hakucheka.

Siku moja Wembe alikuja kumjulia hali mgonjwa. Alikuwa mtu mrefu, mpole kuliko Chiriku alivyomfikiria. Aliweka matunda kwenye kabati, akatoa pole, akasimama akipapasa ukingo wa kitanda.

"Tumelipitia jambo hili kwa makini," alisema hatimaye, akimgeukia mama. "Mashine ilipimwa mezani na mapajani. Mapajani ilipakatwa kazi nzima, aliyeipakata hakuungua. Kwa hiyo kosa si la mashine. Samahani, ndugu yangu, lakini labda ulilala nayo, au ulijifunika blanketi. Makasha ya kwanza ya mashine hizi yanaondoka kwenda kwa wateja wiki hii."

Mama aliinamisha kichwa. "Majaribio yalikuwa sawa," alisema kwa sauti ndogo. "Nayajua. Yalifanyikia nyumbani kwangu."

"Huenda ni kweli nilikosea," mjomba akasema. "Zile siku kulikuwa na baridi. Blanketi nililitumia mara moja. Nisamehe, dada. Nimekuharibia kazi yako."

Chiriku alisikia mjomba wake, aliyelazwa ubavu na shimo pajani, akiomba radhi. Njia ya mwongo ni fupi, walifundishwa shuleni, lakini hakuna aliyewaambia kwamba mwisho wake mtu mwingine ndiye anayesimama pale akibeba lawama.

"Sikuipakata," alisema.

Watu wazima watatu walimgeukia.

"Ilinichoma. Paja la kushoto, palepale. Nikaiweka mezani nikaenda kucheza. Mama, nilikudanganya. Mjomba hakukosea kitu." Kisha akalia kwa sauti hadi mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka kumtazama.

Mama alisimama. Chiriku alidhani atapigwa, na kwa namna fulani alitamani apigwe. Mama alikwenda dirishani, akasimama huko akiwapa mgongo.

"Matundu ya hewa yako chini," alisema polepole, kama anayejisemea mwenyewe. "Mezani yana nafasi. Mapajani yanazibwa. Zile milimita tatu ndizo zilizokuwa nafasi ya mwisho, nikazikata. Nilikuwa nalijua hilo." Aligeuka. "Chiriku, ulisema uongo, na uongo huo umemla mjomba wako. Sitakupunguzia. Lakini na mimi nina langu. Nilimpa mtoto kazi ya mtu mzima, na uliponijibu sikuuliza swali la pili, kwa sababu jibu lako ndilo nililokuwa nalitaka."

Wembe alikaa kwenye kiti cha wageni. "Wateja wengi wanaiweka mezani," alijaribu, lakini sauti yenyewe haikuwa na nguvu.

"Basi tuiite kompyuta ya meza, tuiuze na meza yake," mama alisema.

Wembe alimtazama mgonjwa, akalitazama paja lililofungwa bendeji. Alitoa simu akapiga karakanani. "Makasha yasitoke," alisema. "Hata moja."

Mama aliirudia kazi. Safari hii aliipakata mwenyewe, na wenzake wote karakanani waliipakata kwa zamu, Wembe akiwemo, naye alikuwa wa kwanza kuruka kitini akipiga kelele. Milimita tatu zilirudishwa, na nyingine mbili zikaongezwa. Feni ikapewa nafasi, miguu ya mpira ikanyanyua tumbo la mashine. Ilitoka si nyembamba kama sinia na si nene kama Gogo, na karakana nyingine ikawatangulia sokoni kwa mashine iliyong'aa zaidi. Wembe alilalamika mpaka akachoka. Hakuna aliyeungua.

Siku ambayo mama alikuja na habari hizo hospitali, Chiriku alikuwa pale, akimshikia muuguzi beseni wakati bendeji inabadilishwa. Alikuwa ameomba mwenyewe kuifanya kazi hiyo, na mara ya kwanza alitapika. Kidonda kilikuwa bado kipana, chekundu katikati.

"Mjomba," aliuliza muuguzi alipotoka, "umenisamehe?"

"Nilikusamehe palepale ulipofungua kinywa," mjomba alijibu. "Wewe ni mtoto wa dada yangu, nikukasirikie mpaka lini? Lakini paja langu halina habari na msamaha. Linapona kwa siku zake, wala haliulizi nani ameomba radhi. Ungesema Jumamosi ile, ungemkera mama yako wiki mbili. Umekuja kusema mashine ilipokwisha kunila nyama. Ukweli ni uleule, mpwa wangu. Ukiuchelewesha, anayelipa ni yule usiyetaka alipe. Siku nyingine useme ukweli ungali mchungu kwako peke yako."

"Nitasema, mjomba."

"Haya. Sasa nigeuze, upande huu umechoka."

Chiriku aliweka beseni chini, akaishika miguu ya mjomba wake kwa mikono miwili, akaigeuza taratibu sana, huku akimtazama usoni kana kwamba mjomba angeweza kusikia maumivu.