Suruali ya Fundi Imekataa Kufungika

Fundi cherehani alibana tumbo, akavuta kifungo. Wapi! Suruali ya suti ilikataa katakata. Aliishona mwenyewe miezi mitatu nyuma, aivae kwenye harusi ya binti yake. Harusi ilikuwa Jumamosi hii.

"Kitambaa hiki kimerudi," alinung'unika.

"Kimerudi hata hakijafuliwa?" mkewe alicheka. "Sema kweli, baba watoto."

Kweli ni kwamba Fundi alikuwa ameacha sigara. Kikohozi kilikwisha, lakini kilo nazo ziliingia bila hodi.

"Basi nitavuta kidogo tu, mpaka harusi ipite," alisema. "Sigara zilikuwa zinanikata njaa."

Mkewe aliacha kucheka. "Ule moshi urudi tena humu ndani? Ulikuwa unakohoa mpaka unashika ukuta!"

Hapo akaingia muuguzi, mteja wao, kuchukua sare yake. Mke akamshtaki mumewe papo hapo kwamba anataka kurudia sigara. Muuguzi alikaa, akamtazama Fundi akimalizia pindo la sare. Fundi akakata uzi, mkono ukaingia kwenye droo ya cherehani. Peremende. Akakata uzi tena. Karanga.

"Fundi, zamani droo hiyo ilikuwa na nini?"

"Sigara," alijibu, mdomo umejaa.

"Ehee! Mkono umezoea. Kila ukikata uzi, nao unadai chake. Lakini si mkono peke yake. Sigara ina kitu kinaitwa nikotini. Kinapunguza hamu ya kula, tena kinaufanya mwili utumie chakula haraka. Ukiacha, njaa inarudi, na ulimi unaonja vizuri zaidi. Ndiyo maana wengi huongezeka kilo chache."

"Kumbe sigara ilikuwa inanisaidia!"

"Ilikuwa inakuua polepole! Faida ya kuacha ni kubwa mno kuliko hasara ya kilo hizo. Usirudie hata moja. Wala usijinyime chakula. Kula mlo wako, na mboga kwa wingi. Kwenye droo weka vipande vya karoti na chupa ya maji. Nguo za wateja zipeleke kwa miguu. Hamu ya sigara ikikuzidi, njoo kituoni tukusaidie."

"Na suruali je?"

"Mimi ni muuguzi. Fundi hapa ni nani?"

Fundi alijipiga paji la uso. Kila suruali ya mteja aliiachia kitambaa cha akiba ndani ya mshono, endapo mteja atanenepa. Yake je? Aliigeuza. Akiba ilikuwepo! Alifumua mshono huku akijicheka, akaishona upya.

Jumamosi alicheza na binti yake nyimbo tatu mfululizo. Hakukohoa hata mara moja. Wimbo wa nne, kifungo cha koti kikaruka hadi mezani kwa wageni. Watu walicheka, naye akacheka kuwashinda wote.

"Baba, kifungo!" binti alisema.

"Kiache, mwanangu. Kifungo nitakishona kesho. Mapafu ningeyashona kwa uzi gani?"