Nge Aliyeitwa Kabura

Jumatatu asubuhi nge hakumgusa mende wake. Muigai akagonga sanduku la kioo alimomfuga, akaita, "Kabura!" Yule nge mweusi mwenye mkia mnene, aliyemtoa jangwani huko Lodwar, akageuka kama mtu aliyeitwa.

Kwao Wakikuyu, jina la aliyeondoka hupewa mtoto, ili arudi nyumbani. Muigai alimpa mdudu jina la marehemu mke wake, ati wote wawili ni wakali. Mzaha huo ulimchekesha yeye peke yake, na mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Edah, mke wake wa pili, binti wa Kanduyi, hakucheka. "Baba Viola, si utoe hiyo kitu kwa nyumba? Tuko na mtoto."

"Iko na kifuniko, bana. Itaenda wapi?"

Saa sita mchana, nyumba yao ya Kitale ikanuka mafuta ya nywele ambayo Edah hajawahi kununua. Kisha ukaja mkwaruzo, kra, kra, si ndani ya kioo bali ukutani, halafu kabatini, halafu chini ya kitanda alicholalia Viola, ukienda na kurudi bila haraka, kama mwenye nyumba anayekagua vyumba vyake. Kifuniko kilikuwa kimefungwa vilevile. Ndani hamkuwa na nge.

Edah akamnyakua mtoto. Chini ya kitanda mwanamke akasema, "Mtoto sina shida naye. Uliza baba yake nilikufa na nini."

"Muigai," Edah akanong'ona, "huyo mama alikufa na nini?"

"Si nilikuambia? Malaria."

"Rudia," Edah akasema.

"Malaria!" Akaingiza mguu kiatuni akimbie. Nge alikuwa humo. Akapiga yowe.

Ndani ya teksi, akitetemeka na kutokwa jasho, alisema yote. "Ni huyu nge alimuuma Kabura. Niliogopa kushikwa kwa kumfuga, nikadanganya daktari ni malaria. Edah, waambie ni nge, wanipe dawa ya sumu."

Harufu ya yale mafuta ilikuwa sasa kwenye kitambaa cha kichwa cha Edah.

Walipofika hospitalini ulimi wa Muigai ulikuwa umekufa ganzi, lakini masikio yalikuwa mazima. Daktari akauliza mgonjwa ameanza vipi.

"Ni malaria, daktari," Edah akasema, kwa sauti ya Kabura.