Pipa la Makaa ya Magunzi

Chiriku aliponda makaa kwa mchi, akachekecha, akaponda tena. Vumbi jeusi lilikuwa limemkaa hadi kwenye nyusi. Haya hayakuwa makaa ya kupikia. Shangazi yake aliyachoma kutokana na magunzi ya mahindi, ndani ya debe lililofunikwa, ili yanase mafuta na kutu. Mvua iliponyesha, maji ya karakana ya magari yalitiririka mpaka kwenye bustani ya shangazi. Msimu uliopita yaliunguza miche yote.

"Yawe madogo kama punje za mtama," shangazi alisema, akijishika kiuno. "Ngoja nijilaze. Mgongo umegoma."

Mikono ya Chiriku nayo ilikuwa imegoma. Akamwaga mabonge mazima ndani ya pipa la kuchujia maji, lililosimama kati ya karakana na bustani, akayafunika kwa makaa laini. Nani angechungulia?

Jioni mvua ilinyesha. Maji yalipita kwenye pipa mbiombio, yakatoka na utando wa mafuta.

"Dada, pipa lako linavuja mafuta kuliko magari yangu!" fundi wa karakana alicheka. "Kesho naling'oa. Linaniharibia njia bure."

Shangazi alikinga maji kwa kopo, akanusa. "Labda nilikosea kuchoma," alisema kwa sauti ya uchovu. "Ling'oe tu, fundi."

Chiriku, ambaye kwa kawaida hanyamazi, alisimama kati ya fundi na pipa.

"Si wewe, shangazi. Ni mimi. Chini niliweka mabonge. Nilichoka."

"Loo!" fundi akaguna. "Leo Chiriku kaimba kweli."

Shangazi hakumkaripia. Aliziba bomba la kutoka pipani kwenda bustanini ili mafuta yasifike kwenye miche, wakalimwaga pipa. Waliponda kiasi walichoweza, wakalijaza pipa upya hadi nusu. Fundi akaleta ndoo ya maji machafu kutoka uani kwake, akamimina. Walisubiri. Maji yakaanza kudondoka polepole kutoka tundu la chini ya pipa, bila utando.

"Haya, pipa likae," fundi alisema.

"Maji haya ni ya miche tu, si ya kunywa," shangazi akaonya. Kisha akamgeukia Chiriku. "Mwanangu, kuchoka si kosa. Hata mimi nimechoka. Kosa ni kuficha. Maji hayatuonei huruma. Yanapita pale tulipoacha mwanya. Ungesema, tungebakisha kazi nyingine ya kesho."

Chiriku alilitazama pipa, lililojaa nusu, na gunia la mabonge yaliyosalia kando yake.

"Shangazi, nimechoka."

"Basi, mwanangu. Weka mchi chini."

Bomba likabaki limezibwa hadi kazi imalizike kesho, na gunia likabaki palepale.