Kidonge Alichokiruka Bibi

Kila asubuhi, iwe siku ya shule au ya likizo, Kisiki alikuwa na kazi mbili. Alitunga uzi kwenye sindano ya cherehani ya bibi yake, kwa kuwa macho ya bibi yalikuwa yameanza kugoma. Kisha alimpandisha bibi kwenye mizani waliyopewa kliniki, akasoma uzito. Jina la Kisiki alipewa na bibi mwenyewe, maana mtoto huyo akishasimama juu ya neno lake, hata umsukume hang'oki.

Bibi alikuwa fundi wa kushona, na moyo wake ulikuwa umechoka. Nesi wa kliniki ya moyo aliwaeleza vizuri: moyo ukisukuma damu kivivu, maji hubaki mwilini. Huanzia miguuni, yakapanda, mwisho yakaingia mapafuni, na mtu akawa anazama huku yuko nchi kavu. Ndiyo maana miongoni mwa dawa za bibi kulikuwa na kidonge cha kutoa maji.

Kidonge hicho ndicho kilicholeta ugomvi. Akikimeza asubuhi, bibi hakauki chooni, na choo chenyewe kilikuwa mwisho wa ua, kikigombewa na wapangaji wote. Nazo shule zilikaribia kufunguliwa. Wazazi walijaa mlangoni wakitaka sare.

"Nitampimaje mtu kiuno huku mwenyewe nimebana miguu?" bibi alinong'ona. "Nikitoka tu, mteja kahamia kwa fundi mwingine. Sare zikiisha nitameza."

"Nesi alisema kila siku, bibi."

"Nesi ana sare ngapi za kushona?"

Mizani ikaanza kupanda. Bibi akasema imeharibika. Ndala zikaanza kumbana, akasema zimesinyaa kwa jua. Usiku akawa analala ameegemea marobota ya vitambaa, kwa sababu akilala chali pumzi inakatika. Kisiki alifanya kama nesi alivyomfundisha: alibonyeza kidole gumba kwenye mguu wa bibi, juu kidogo ya kifundo, akakitoa. Kishimo kilibaki pale pale, kama kwenye unga uliokandwa.

"Maji haya, bibi."

"Unene huo. Hujaona mtu akinawiri?"

"Anayenawiri halali ameketi."

Siku ya kliniki ikafika. Njiani bibi alisimama kila baada ya maduka mawili matatu, akijifanya anatazama bidhaa. Alisimama hata mbele ya duka la misumari.

"Unataka misumari, bibi?"

"Natazama. Kutazama hakulipiwi."

Walipofika mlangoni kwa nesi, bibi alivuta pumzi, akamshika mjukuu wake bega. "Humo ndani nitasema mimi. Wewe kazi yako kushika mkoba. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Guu langu zima, bibi. Lako ndilo limevimba."

Bibi akafyonya, wakaingia.

Nesi alimpima bibi uzito, akasikiliza kifua, akabonyeza miguu. Uso wake ukabadilika. "Bibi, dawa zote unameza?"

"Zote, mwanangu. Siruki hata moja."

"Basi hazitoshi. Nitamwomba daktari akuongezee ile ya maji."

Kisiki aliinua kichwa. Chini ya meza, vidole vya bibi vilimfinya paja, vikashikilia hapo hapo. Kisiki alijua alivyolelewa: mtoto hamkanushi mkubwa mbele ya watu. Lakini kifua cha bibi kilikuwa kinapanda na kushuka kama cha mtu aliyekimbizwa na mbwa. Akasimama, mkoba ukaanguka.

"Hamezi," alisema. "Kidonge cha maji amekiacha tangu kazi ya sare ianze."

"Mtoto huyu muongo," bibi alisema. "Kaa chini."

"Sikai."

"Tutaonana nyumbani."

"Hicho ndicho ninachokitaka, bibi. Tuonane nyumbani. Ukiendelea hivi hatutaonana."

Bibi alitazama ukuta. Hatimaye akasema, kwa sauti ndogo, habari za choo na wateja.

Nesi hakumkaripia. "Sikia, bibi. Ningekuongezea dozi kwa kukuamini, siku ukianza kuimeza, maji yangekutoka kupita kiasi. Presha ingeshuka, ukaanguka juu ya cherehani yako. Sasa niambie, wateja wanapungua saa ngapi?"

"Mchana. Wakienda kula."

"Basi daktari akikubali, utameza mchana. Si lazima iwe asubuhi, lazima iwe kila siku. Ila usingoje jioni, utahamia chooni usiku kucha. Ungesema mapema, tungepanga mapema."

Daktari alikubali. Hata hivyo alimlaza bibi kwanza, akachomwa sindano za kutoa maji. Nyumbani, wazazi walipokuja na hasira zao, Kisiki aliwasubiri mlangoni, mikono kiunoni.

"Sare yangu iko wapi?" mmoja alifoka.

"Haijashonwa. Fundi yuko hospitali. Sare ikichelewa utamvalisha mwanao ya mwaka jana, mimi bibi wa mwaka jana sina."

Mama yule akauliza wodi ili aende kumwona mgonjwa.

Bibi alirudi miguu yake imepungua, mifupa ya kifundo ikionekana tena. Siku ya kwanza kazini, mchana ulipoingia, alimeza kidonge mbele ya wateja waliosalia. Baadaye kidogo akamwacha mmoja amesimama na utepe wa kupimia kiunoni.

"Fundi, unaniacha hivi?"

"Naenda chooni. Ukichoka kungoja, jipime."

Aliporudi, alimwita Kisiki karibu na cherehani.

"Nilikufundisha kwamba mtoto hamkanushi mkubwa," alisema. "Somo hilo nililikata fupi, sasa naliongeza kitambaa. Mkubwa akificha ugonjwa, mtoto aseme, na amwambie anayeweza kutibu. Dawa unayoiacha kwa siri haikudanganyi wewe peke yako, inamdanganya na daktari. Heshima ya kunyamaza wakati mtu anazama ni heshima gani?"

"Kwa hiyo nilifanya vizuri?"

"Ulikuwa mkaidi," bibi alisema, akiinuka tena kuelekea mwisho wa ua. "Usiache."