Bunduki ya Mbao

Mama Pacha alipompelekea mumewe chai karakanani, alimkuta amekaa katikati ya maranda akichonga kitu ambacho hakikuwa mguu wa meza wala wa kitanda.

"Hiyo nayo ni nini, Baba Pacha?"

"Bunduki. Naizoeza mikono kabla ya ile ya kweli."

Mama Pacha aliweka kikombe chini. Alijua jambo hilo lilikoanzia. Wezi walikuwa wamevunja duka la dawa, kisha wakabeba mtungi wa gesi wa jirani. Watu wanaojitolea kulinda mtaa walikutana kwa Kinyozi, na Kinyozi hakosi neno. Alisema dawa ya moto ni moto. Watu wachange, bunduki inunuliwe, akabidhiwe Baba Pacha, Fundi seremala wa mtaa, kwa sababu mkono wake hautetemeki. Watu wakapiga makofi, wakaanza kuchanga, na Fundi akavimba kichwa.

Mama Pacha hakupiga makofi. Alihofia watoto wangeikuta bunduki uvunguni. Alihofia zaidi kwamba mumewe angetoka na bunduki, arudi amebebwa. Alimweleza hayo bila kuficha. Fundi akamjibu kwamba ana woga wa kuku, akaendelea kuchonga.

Jioni Sajenti alipita kuchukua kabati lake. Sajenti ni mwanamke jirani, askari wa kituo cha polisi. Fundi alitaka kuificha ile mbao, lakini mkewe alikuwa ameshaiweka juu ya kabati lenyewe, mahali ambapo hata kipofu angeipapasa.

Sajenti aliulizia, akaelezwa. Hakucheka. Alisema kibali cha silaha hupewa mtu mmoja, baada ya kuchunguzwa na kufundishwa. Silaha si ngazi ya kuazimana mtaani. Yeye mwenyewe alifundishwa kwa miezi mingi, na bado gizani kivuli humdanganya. Tena wezi wakisikia mtaa una bunduki, watakuja na za kwao, au wataifuata hiyo hiyo.

"Halafu kuna hili, kaka," alisema. "Mmetupigia simu, tumefika. Ni giza. Naona mtu kashika bunduki. Nitajuaje kama ni wewe?"

Fundi aliishusha ile mbao kutoka juu ya kabati, akaitupa kwenye maranda.

"Sasa tufanyeje?" Fundi aliuliza. "Tuwaimbie wezi?"

"Kazi yenu ni kuona na kuita. Kukamata tuachieni sisi."

Akaeleza namna yake. Watembee wawili wawili, kamwe si mmoja. Wavae vizibao vinavyong'aa, wawe na tochi na filimbi. Namba ya kituo iwe kwenye kila simu. Wakimwona mtu wa kutilia shaka, wasimfukuze wala wasimpige. Wapulize filimbi, wapige simu, na kila nyumba iwashe taa ya nje.

Kwenye mkutano Kinyozi alinung'unika kwamba filimbi ni za waamuzi wa mpira. Lakini Fundi alisema wazi kwamba bunduki haibebi, na hakuna mwingine aliyejitokeza kuibeba. Mchango ukanunua filimbi, tochi na vizibao. Mama Pacha aliitia ile mbao jikoni, ikachemsha chai vizuri sana.

Haukupita muda. Katika zamu yake, Fundi na mwenzake waliona mtu amepanda ukuta wa Kinyozi, mguu mmoja ndani, mmoja nje, begi mgongoni. Fundi akapuliza filimbi. Taa zikawaka mlango kwa mlango. Tochi zikamulika ukutani.

Alikuwa Kinyozi mwenyewe. Alisahau ufunguo kazini, mkewe amelala fofofo, na sasa suruali ilikuwa imenasa juu ya ukuta. Majirani walicheka hadi wakashika mbavu. Fundi hakucheka. Aliporudi nyumbani alishindwa kufungua vifungo vya kizibao, na Mama Pacha akamfungulia. "Ningekuwa na bunduki, Kinyozi asingeshuka ukutani mzima," alimwambia.

Tangu filimbi zianze, duka la dawa halijavunjwa tena. Siku moja mwizi alisikia filimbi akakimbia, na polisi wakamkamata kona ya pili bila mtu kuumia.

Lakini asubuhi ile baada ya mkasa wa ukuta, Kinyozi alikuja karakanani, akakaa kwenye maranda.

"Fundi," alisema, "hivi ule mchango wa bunduki, nani alitoa wa kwanza?"

"Wewe."

Mama Pacha akammiminia chai.