Meno ya Kapita

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya paa la kanisa, nilifagia chumba cha foto cha mjomba wangu Bulaimu, pale Kasongo karibu na soko. Zilikuwa enzi za Bula Matari, serikali ya Wabelgiji, na wanaume walitakiwa kuwa na picha kwenye kitabu cha kazi, kwa hiyo wateja hawakukosekana. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Shule ya msingi nilikuwa nimeimaliza, na kwa wasichana masomo yaliishia hapo. Mama alinileta kwa kaka yake akasema, "Mufundishe. Huyu mutoto anaona vitu ambavyo wengine wanapita."

Nikimaliza kufagia, nilichonga penseli mpaka ncha ikawa kama sindano. Kisha nilimtoa Kapita kwenye kapu lake.

Kapita alikuwa kinyonga wangu. Nilimwokota katika shamba letu la mihogo, nikampa jina hilo kwa sababu alifanana na kapita, msimamizi wa kazi ya barabara: hana haraka, hanyanyui jembe, lakini jicho moja linatazama mbele na lingine nyuma. Hata hivyo yeye alifanya kazi. Siku zile picha ilichukuliwa kwenye kioo, tuliita klishe. Klishe ambayo haijakauka hunata, na nzi akitua juu yake anaharibu uso wa mtu. Nilimweka Kapita kwenye tawi pale zilipokuwa zinakauka. Nzi akikaribia, ulimi ulichomoka, na nzi hayupo tena.

Watu walimwogopa. Walisema kinyonga ni mkosi. Gérard, mtoto wa fundi cherehani wa jirani, hakupita bila neno.

"Sidonie! Bwana yako ameamka?"

"Ameamka. Anauliza kwa nini unachelewa shule, na weye una miguu mirefu kuliko yake."

Wenzake walicheka. Gérard hakucheka.

Nilimsihi mjomba ampige Kapita picha ya karibu, mpaka akachoka kunisikia. Siku moja akavuta mvukuto wa kamera hadi mwisho, ili mnyama mdogo aonekane mkubwa. Kapita alipoona lile jicho la kioo linamkaribia, alikasirika, akapanua kinywa. Hapo hapo mjomba akapiga.

Picha ya kwanza haikupendeza. Vumbi lilikuwa limeingia kwenye klishe, na Kapita alikuwa na madoa meusi kichwa kizima kama mwenye ndui. Mjomba akanipa meza ya kusahihishia, ile yenye kioo chini cha kurudisha mwanga.

"Unakumbuka?" akauliza.

"Nakumbuka. Kwenye klishe kila kitu kimegeuka. Nikitia penseli, kwenye picha panatoka peupe."

"Basi ziba madoa tu. Huyu si bibi arusi, usimulainishe. Mikunjo yake muachie."

Nilikaa siku mbili, nukta kwa nukta, bila kupumua sana. Picha ya pili ilipotoka, ngozi ya Kapita ilionekana punje kwa punje kama mtama, na jicho lake lilikuwa hai. Mjomba aliitazama muda mrefu. "Sasa ni yeye," akasema.

Kesho yake mjomba alikwenda Nyangwe kupiga picha za harusi. Mchana Gérard akarusha jiwe dirishani. Lilimpata Kapita kwenye mkia. Akageuka mweusi, akaning'inia kwenye tawi kama kitambaa.

Sikulia. Nilisema moyoni: unataka kitu cha kuogopa, Gérard? Utakipata. Nikachukua klishe, nikachora ndani ya kile kinywa kilichopanuka meno manane, marefu, yenye ncha. Nikatoa picha mpya, nikaibandika kwenye ubao wa nje mahali ambapo mjomba alionyesha kazi zake.

Gérard alikuja jioni. Alisimama mbele ya ubao, akarudi nyuma, akaondoka kwa kupita upande wa pili wa barabara. Hakurusha jiwe tena. Nikajiona mshindi.

Ushindi wangu ulidumu siku mbili. Siku ya tatu asubuhi, mjomba alipokuwa ndiyo kwanza anashusha kamera kutoka kwenye baiskeli, tulisikia kelele. Mama François, muuza mawese wa sokoni, alikuja amembeba mwanawe wa miaka minne. Mkono wa mtoto ulikuwa umevimba kama andazi, na mwili wake ulikuwa wa moto. Nyuma yao walikuja watu wenye fimbo. Gérard alikuwemo.

"Ile nyama yenu, ile kinyonga, iko wapi?" Mama François alipaza sauti. "Mutoto wangu alicheza hapa mulangoni juzi. Imemuuma! Muitoe tuichome, nimupake jivu lake!"

"Kinyonga haumi hivyo, dada," mjomba akasema.

"Haumi? Na haya ni nini?" Akaonyesha ubao. "Foto haidanganyi!"

Mjomba aliitazama ile picha kwa mara ya kwanza. Halafu akanitazama mimi. Alisema tu, "Sidonie, watu wanangoja."

Nilikuwa nimemkumbatia Kapita kifuani. Nikasimama katikati ya mlango.

"Simutoi," nikasema. "Hayo meno ni ya penseli. Nimeyachora mimi."

"Anaokoa bwana yake!" mtu mmoja akadakia, na wengine wakaangua kicheko.

"Kama munataka kuchoma, chomeni picha. Kama munataka kupiga, munipige mimi niliyemupa meno. Yeye hamumupati mpaka muone kwa macho yenu."

Niliingia ndani nikatoka na klishe. Nikaiinua kwenye jua, wakaona mistari ya penseli inang'aa. Nikalowesha pamba kwa tapentaini, nikayafuta meno yote. Kisha nikaweka klishe na karatasi ya jua, ile inayotoa picha kwa mwanga tu, ndani ya fremu yake, nikaiweka chini mbele ya miguu yao. Hakuna aliyeondoka. Polepole picha ikajichora yenyewe: kichwa, jicho, kinywa. Kinywa hakikuwa na jino hata moja la kuonekana.

"Gérard, weye ulikuwa unayaogopa," nikasema. "Hesabu."

Gérard aliinama, akainuka, akatazama pembeni. "Hakuna," akanong'ona.

Nikatia kidole changu kinywani mwa Kapita. Akakibana, akakiachia. Nikawaonyesha kidole. Fimbo zikaanza kushuka.

Lakini mtoto alikuwa bado anaugua. Nilimsogelea, nikatazama ule mkono kama ninavyotazama klishe. Katikati ya uvimbe palikuwa na doa jeusi, dogo kama yale niliyozoea kuyaziba.

"Mama, tazama pale. Si jino lile. Kuna kitu kimebaki ndani."

Mjomba alimpakia mama na mtoto kwenye baiskeli, akaisukuma mbio mpaka zahanati. Muuguzi Fidèle alipasua uvimbe, akatoa mwiba wa mchikichi wenye urefu wa ukucha. Alisema wangekaa siku mbili zaidi wakipaka majivu, mkono ule ungepotea, au mtoto mwenyewe.

Aliporudi, mjomba aliketi kwenye kiti cha wateja. "Penseli nilikupa uondoe vumbi lililoangukia ukweli," akasema. "Ulipoongeza meno, watu waliyaamini kwa sababu wanaiamini kazi yetu. Uongo wa mutu mwenye kazi nzuri unafika mbali kuliko wa mupumbavu. Ungefika mpaka kaburini kwa yule mutoto."

"Nimekosa kwa meno, mjomba," nikajibu. "Lakini kumulinda Kapita sikukosa."

Akanikazia macho, kisha akatabasamu kidogo. "Hilo nani amekulaumu? Ungekaa kimya ndipo ningekurudisha kwa mama yako."

Akabandika picha zote mbili ubaoni, ya meno na isiyo na meno. Mwezi mzima, kila aliyeuliza, ni mimi niliyetumwa kutoka nje na kueleza nilichofanya. Gérard aliuliza mara tatu, kwa makusudi. Nilimweleza mara zote tatu, Kapita akiwa begani mwangu.

Mwezi ulipokwisha, Mama François alikuja na mwanawe aliyevaa shati jipya. Alimtazama Kapita kwa mbali.

"Tupigie foto," akasema. "Na hiyo nyama yako iwe pembeni, kama inataka. Ila kovu la mukono lionekane. Usiliguse."

Nikaiweka penseli mezani, nikaenda kumwita mjomba.